Mti wa Juu ya Paa la Baba

Mafundi walipong'oa bati la kwanza nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu upande wa kivuli, na kabla sijaona chochote nikanusa. Harufu ya masizi. Siyo masizi ya jiko la mkaa, hayo kila mtu anayajua. Haya ni masizi ya paa la nyasi, yaliyopigwa na moshi wa kuni miaka na miaka mpaka yakawa meusi ya kung'aa. Boriti mbili za ile nyumba ya zamani zilibaki juu huko, zilitumika tena wakati wa kuezeka bati maana mbao hazikutosha, na zimekaa na harufu yao kimya chini ya bati muda wote huo. Wajukuu wangu hawakunusa kitu. Mtu wa rika langu, aliyezaliwa chini ya nyasi, hawezi kuikosea.

Nyumba yetu iko juu ya Pasiansi, pale mlima unapoanza kuwa mawe matupu. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa mpaka upande wa Kirumba. Mjukuu wangu Fredi ndiye anayeikarabati. Anataka paa la msauzi, yale mabati ya kisasa, rangi nyekundu, na dari ya jipsamu ndani, na madirisha ya aluminiamu. Watu walidhani nitakataa. Nikamwambia, weka. Mimi si bibi wa kukumbatia bati lililooza. Nyumba hii imebadilika sura mara nyingi nikiwa ndani yake, na kila ilipobadilika kuna mtu alilalamika kwamba inaharibiwa, na bado imesimama.

Fundi alipogonga ukuta ili wapige skimu, ile lipu laini ya siku hizi, zikaanza kudondoka zile sura zote, moja baada ya nyingine. Kwanza rangi ya maziwa, aliyoipaka mwanangu alipooa. Chini yake rangi ya mafuta ya buluu, nusu ya ukuta tu kutoka chini, kama za zahanati. Hiyo ni ya mume wangu, aliipata kwa rafiki yake na hakutaka kusikia neno la mtu. Chini ya buluu, chokaa nyeupe ya Krismasi, matabaka mengi, maana kila mwaka tulipaka juu ya ile ya mwaka uliopita. Halafu lipu ya saruji. Halafu lipu ikaanguka kipande kikubwa kama sinia, na pale nikaona udongo. Udongo wetu, uliokandikwa na mikono, na juu yake majivu na samadi ya ng'ombe, na chini karibu na sakafu mstari wa udongo mwekundu ambao mama alikuwa anautoa kwenye korongo nyuma ya mawe. Nikainuka nikaenda kuugusa. Fredi akasema, "Bibi, utachafuka." Nikamwambia huo si uchafu, huo ndio ukuta. Hayo mengine yote ni nguo.

Ndipo yule fundi wa juu akaniita. Kijana mwenye adabu, kila akishuka na kupanda ananisalimia upya.

"Shikamoo bibi. Hili tundu kwenye kofia ya bati, hapa kileleni, lililozibwa kwa lami, lilikuwa la antena?"

"Marahaba. Siyo la antena. Hapo alikuwepo baba yangu."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Fredi akasema, "Bibi, fundi yuko juu ya ngazi, usimtishe."

Basi nitaeleza, maana wajukuu hawajui, na nyinyi wenzangu mnaosoma haya wengi mliyaona kwenu.

Kwetu Wajaluo wa zamani, mwanamume akijenga nyumba alichomeka mti mwembamba kwenye ncha ya paa. Kazi ya mti ule haikuwa kushika nyasi. Ulikuwa unasema mwenye nyumba yupo. Awe amesafiri, awe mgonjwa, awe amelewa chini ya kichaka, mti ukiwa juu basi yupo. Siku akifa mti unatolewa. Anayepita njiani akitazama paa anajua, hana haja ya kuuliza mtu. Mimi nilikuwa nimeuona ukitolewa mara moja, kwa mzee mmoja ng'ambo ya bonde. Bibi yangu, mama yake baba, alinishika kidevu akanigeuza uso. "Umeona? Ukiona vile, ujue." Sikuwa mtoto wa kuambiwa kitu mara mbili.

Baba yangu, Okelo, alikuwa mpasua mbao. Alikuwa anakwenda visiwani huko Ukerewe na mwenzake mmoja na msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni anakula vumbi la mbao. Alikuwa hayupo muda mrefu. Tulimzoea hivyo, mtu wa kuja na kuondoka, anayenukia mbao. Safari ile alikuwa ameapa kwamba nyasi mwisho. Atarudi na mabati. Wakati huo mlimani kwetu nyumba ya bati ilikuwa moja tu, ya katekista, na jua likipiga unaiona toka ziwani inamulika kama kioo.

Sasa siku moja mtumbwi wa mizigo ukaja na mabati, na mbao za kenchi za kubeba paa, na sanduku la baba, lile la bati lenye kufuli. Baba mwenyewe hakuja.

Sababu ilikuwepo. Baba alimtuma mwenye mtumbwi amwambie mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, aanze kuezua na kuezeka kabla mvua haijashika, yeye anamalizia kazi ya tajiri fulani anakuja. Hakuna cha ajabu hapo. Lakini sisi watoto hatukuambiwa. Enzi zetu mtoto alikuwa haambiwi, anatumwa. Mimi nilichokiona ni sanduku limerudi bila mwenyewe, na nilikuwa najua tangu hapo nyuma watu wanaofia mbali wanarudi namna gani. Huanza kurudi sanduku.

Nikakaa na hilo moyoni. Sikuuliza.

Siku ya kuezua watu wakaja tangu asubuhi. Vitanda vikatolewa nje, na mikeka, na vyungu, na kuku mwenye vifaranga kwenye kapu lake. Mama akaazima masufuria makubwa kwa jirani. Wanaume wakakaa kwenye mawe wakingoja uji, wanawake wakapika kwenye mafiga nje. Baba mdogo akatangaza kwamba wote tutalala nje mpaka paa liishe. Mwenzangu unayesoma, wewe niambie: vitu nje, watu wamejaa, masufuria makubwa, kulala nje. Hiyo ni shughuli gani? Mimi niliijua shughuli moja tu ya namna hiyo.

Nikatumwa ziwani kuteka maji. Wakati sipo ndipo ugomvi ulipotokea, na nilikuja kusimuliwa baadaye. Baba mdogo alipanda, akafika kwenye ncha, akashika ule mti. Bibi akampigia kelele kutoka chini.

"Wewe! Huo hautolewi, mwenyewe yuko hai. Mngoje aushike mwenyewe."

"Mama, bati halina mahali pa kuchomeka mti. Nitauweka wapi, mfukoni?"

"Mngoje."

"Na mvua nayo nikaiambie imngoje?"

Watu wakacheka. Akauchomoa, akaudondosha chini. Bibi akageuka. Alikwenda akakaa chini kwenye vumbi, miguu imenyooka, mgongo ameipa nyumba, na chakula alipoletewa akakisukuma pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa hasira yake, kimya. Alikuwa akikasirika hivyo hata mbuzi wanapita mbali naye.

Mimi natokea huku na mtungi kichwani, napandisha. Nikainua macho kidogo tu, maana kwenye mteremko ule na mtungi huwezi kuinua sana. Paa halina ncha. Limebaki mifupa, fito nyeusi tupu, na juu hakuna kitu. Nikashusha macho nikauona mti wenyewe umeegemezwa kwenye jiwe. Nikamwona bibi chini vumbini, miguu imenyooka, hali chakula. Nikamtafuta mama. Mama macho mekundu, machozi yanatiririka mpaka shingoni. Na wanawake wote waliokuwa wanabeba nyasi kuukuu, macho yao hivyo hivyo.

"Mama, mbona unalia?"

"Silii. Ni masizi haya. Tua maji, lete kuni."

Na ndivyo mama yeyote angesema. Nikatua mtungi. Nakumbuka niliutua vizuri, haukumwagika hata tone, na mpaka leo hilo linanishangaza. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikapanda lile jiwe kubwa lililoinamia paa letu, mpaka juu kabisa. Nilifikiri hivi: mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Wao wameamua kunificha, sawa, lakini baba hawezi kuondoka bila mtoto wake kumlilia. Nikajifunga kanga ya kiunoni vizuri, nikaweka mikono kichwani kama nilivyoona watu wazima wakifanya, nikapiga kilio.

"Okelo weee! Okelo mpasua mbao! Umetuachia nani, Okelo! Mlima umebaki mtupu, Okelo weee!"

Jiwe lile linapeleka sauti. Bonde likaipokea.

Nyinyi mtadhani mama alipanda kunichapa. Hapana. Mama alisimama na rundo lake la nyasi mikononi, akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto ametoka ziwani." Halafu akapiga yowe, "Ametoka ziwani! Amesikia huko!" na akaanguka chini na nyasi zake. Unaona jinsi ilivyokwenda? Mimi niliamini kwa sababu ya wao, na wao wakaamini kwa sababu yangu. Mtoto katumwa majini, mitumbwi inatoka visiwani, mtoto karudi analia baba yake kwa jina. Baba mdogo alikuwa juu ya fito. Alishuka kama gunia. Jirani yetu mama Masanja, Msukuma, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka mlima wa pili, akapokea kilio. Kikashika nyumba ya chini. Kikashika wachota maji. Kikateremka, nilikuwa nakisikia mwenyewe kutoka juu ya jiwe kinakwenda, kinakwenda, mpaka nikawa sikisikii tena ila najua bado kinakwenda.

Bibi peke yake hakulia. Aliinuka, akaja chini ya jiwe, akaniamuru nishuke.

"Nani kakwambia?"

Nikateleza kwenye jiwe mpaka chini.

"Nani huko ziwani kakwambia?"

"Hakuna mtu."

"Sasa umejuaje?"

Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha mti ulioegemea jiwe.

Bibi akautazama. Akanitazama. Halafu akageuka taratibu kwa mwanawe, baba mdogo, aliyekuwa kakaa chini kashika kichwa. "Haya. Umeupata mfuko wa kuuwekea?"

Ungedhani mambo yangeishia hapo, watu wacheke warudi kazini. Hayakuishia. Mama aliponielewa hakucheka. Alinishika mabega akanitikisa: "Una hakika hukusikia kitu? Hata kidogo?" Maana sasa kilio kimepigwa, na kwetu mtu hai haliliwi. Ukimlilia aliye hai ni kama umemwita aende. Na wakati huo hakuna mtu pale aliyejua kwa hakika kama baba yu hai au la. Alikuwa ng'ambo ya maji. Baba mdogo aliteremka Kirumba mwaloni kuuliza mitumbwi, akarudi jioni mikono mitupu. Watu waliolala kwetu hawakujua wamelala kwenye ujenzi au kwenye matanga. Kesho yake asubuhi hakuna aliyegusa nyundo. Mabati yalilala kwenye majani, yanamulika, na hakuna aliyetaka kuyatazama.

Huku nyuma sasa, baba. Hii alikuwa anaisimulia mwenyewe, na kila akisimulia alikuwa anasimama katikati ya nyumba kuigiza. Alishuka mwaloni mchana wa siku hiyo ya pili, msumeno begani, umefungwa magunia. Njiani akamkuta mama mmoja, mgeni kwake, anapandisha mlima na kapu la unga kichwani, anahema.

"Mama, unakwenda wapi na jua hili?"

"Msibani, baba yangu. Huko juu kwenye mawe."

"Kafa nani?"

"Kijana wa Kijaluo, mpasua mbao. Okelo. Wanasema gogo limemwangukia."

Nani aliliongeza hilo gogo, mpaka leo hatujui. Baba alisema alihamishia msumeno bega la pili. Halafu akamwambia, "Lete hilo kapu nikusaidie. Na mimi nakwenda huko huko." Akabeba unga wa msiba wake kichwani, na msumeno begani, wakapandisha, na yule mama njiani akimsifia marehemu kwamba alikuwa mtu mwema, mfanyakazi, ingawa hakuwahi kumwona.

Wa kwanza kumwona alikuwa mama Masanja. Aliacha ndoo yake, akakimbilia nyumbani kwake akafunga mlango, na watoto wake nje. Wengine wakasimama, wengine wakarudi nyuma. Mama yangu alitaka kumkimbilia, akashindwa. Alipiga magoti pale pale alipokuwa. Mimi nilikuwa nyuma ya bibi. Nilimwona baba anatokea kwenye kona ya mawe na kapu kichwani, unga umemwagika kwenye kope zake, mweupe, na niliwaza jambo moja tu: ndivyo wanavyokuwa.

"Simama hapo hapo," bibi akamwambia.

Akasimama. Akatua kapu. "Mama, ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Simama. Umeliliwa. Huingii chini ya paa lisilo na mti wako."

Baba akatazama nyumba. Fito tupu, kenchi mpya bado zimelala chini, mti umeegemea jiwe. Akamtazama mdogo wake, na mdogo wake akatazama vidole vyake vya miguu. Akauliza, "Nani alianza kulia?"

Watu wote walinionyesha. Wote, hata yule mama mgeni aliyefika sasa hivi. Nikajua nachapwa. Nikatoka mwenyewe nyuma ya bibi, sikungoja kuvutwa. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia yote, sanduku, vitanda nje, macho ya mama, bibi kutokula, mti. Nilisema kwa mpangilio, sikulia.

Hakucheka. Aliwageukia wakubwa. "Mtoto kasoma paa sawasawa. Nyinyi ndio mliolichafua." Halafu akavua shati.

Mchana ule wakafanya kazi ya siku mbili. Jinsi walivyopigilia, ungedhani wanafukuzwa. Bati la mwisho lilipolala na kofia yake juu, baba alipanda mwenyewe na mti wake na msumari mnene. Akatoboa kofia. Bati jipya, linang'aa, halijanyeshewa hata mara moja, akalitoboa pale juu kabisa. Baba mdogo akafumba macho kwa uchungu. Akauchomeka mti, akaufunga kwa waya. Miaka yote iliyofuata tulikuwa na nyumba ya bati yenye kijiti juu, watu wa mjini wakipita wanauliza kama sisi tuna redio, na ikinyesha tunaweka bakuli chini yake. Chokaa ilikuja, lipu ikaja, buluu ikaja, mti uko pale pale. Ulitolewa siku yake, kwa haki, baba akiwa mzee wa mkongojo.

Lakini siku ile hakushuka baada ya kuufunga. Alisimama juu ya mgongo wa paa, mkono mmoja kashika mti wake, akaniita nipande kwenye lile jiwe. Nikapanda. Tukawa tunatazamana, yeye kwenye bati, mimi kwenye jiwe.

"Niite," akasema.

"Baba."

"Siyo hivyo. Jana uliniita kwa jina. Niite kama jana."

Mtoto hamwiti baba yake kwa jina. Nilimtazama bibi chini. Bibi akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Okelo."

"Huko chini hawajasikia. Jana walisikia."

"Okelo weee!"

"Nipooo!" akajibu, na sauti yake ikapita juu ya nyumba yetu na nyumba ya chini na bonde.

"Okelo mpasua mbao!"

"Nipooo!"

Tukafanya hivyo mpaka sauti yangu ikakauka. Mlango wa mama Masanja ukafunguka kidogo, kikatoka kichwa. Akasikiliza. Halafu akaweka mikono mdomoni, akageukia bondeni, akapiga kwa ile sauti yake ya ng'ombe: "Yupooo! Okelo yupo jamani!" Wachota maji wakapokea, nikasikia neno linateremka njia ile ile ya jana, nyumba kwa nyumba, kuelekea majini.

Baba akashuka, akanawa mikono. Akasema njaa inamuuma, na kama ule unga wa msiba hauna kazi nyingine, basi usongwe. Mama akausonga pale pale nje, na dagaa wa kukaanga. Bibi akanawa, akala naye sinia moja. Yule mama mgeni naye akakaa, hakuwa na haya, akasema ametoka mbali.

Mimi sikula. Nilikaa mbele ya baba, karibu kabisa, nikimtazama kooni.

"Unatazama nini wewe?"

"Natazama kama unameza."

Akakata tonge, akalichovya, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu huku ananiangalia. Akameza. Halafu akainama, akafungua mdomo wote, akaniinulia na ulimi, nihakikishe.

Nikahakikisha. Nikamwambia, "Kula lingine."